Fundi Sauti Anajibu: Maiki Mpya, Chumba Kilekile

Barua za safari hii karibu nusu zinauliza ninunue maiki gani. Naanza na ya mtu ambaye ameshanunua, wengine mtajikuta humohumo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina podikasti, nilikuwa natumia maiki moja ya bei chee ya kushika mkononi, ilikuwa sawa tu. Nikajikusanya nikanunua kondensa, ile inayotaka volti 48, kila mtu mtandaoni anaisifia. Cha ajabu sauti ndo imezidi kuwa mbaya, mwangwi mtupu, feni inasikika, mbwa wa jirani anasikika, hata kiti nikijigeuza kinasikika. Nimeuziwa feki? Na nibandike trei za mayai ukutani?
*Mwenye Jirani Mwenye Mbwa*

JIBU: Hujauziwa feki bosi, inaelekea umeuziwa yenyewe kabisa. Utaambiwa na watu kwamba kondensa inasikia chumba na dainamiki, aina ya ile yako ya mwanzo, haisikii, hiyo ni nusu ya ukweli. Ukiziweka zote mbili sehemu moja, zote za kusikia mbele, ukazisawazisha zitoe sauti kiwango kimoja, chumba utakisikia kwenye zote karibu sawa, ila kondensa itakupa zaidi zile sauti nyembamba za juu. Kilichobadilika ni wewe. Ile ya mwanzo ilikuwa dhaifu, bila kuisogeza mdomoni hupati kitu, hii mpya ina nguvu kwa hiyo umeiweka pale juu ya meza karibu na kompyuta umeegemea kiti unaongea ukiwa mbali, si ndiyo?

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti inayotoka mdomoni kwako moja kwa moja inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali ukiwa mara mbili, lakini mwangwi wa chumba uko karibu uleule popote utakapoweka maiki. Kwa hiyo ukitoka sentimita 60 ukaja 15 umejiongezea desibeli 12 juu ya chumba, juu ya feni, juu ya mbwa, na hujanunua kitu. Programu nyingi za kusafisha sauti hazitakupa desibeli 12 bila kukuharibia herufi S zako.

Ukishasogea utakutana na mambo mawili. Kwanza besi itajaa, karibu maiki yoyote ya kusikia mbele inaongeza besi ukiikaribia, washa kile kichujio cha chini kikate kuanzia 80 Hz hivi (mitikisiko 80 kwa sekunde) kwenda chini. Pili herufi P na B zitaanza kupiga bumbu bumbu, dawa yake si kurudi nyuma, dawa ni kuitoa maiki mbele ya mdomo, iweke pembeni kidogo halafu uielekeze pembe ya midomo. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "papa" utausikia upepo ulivyo, sasa sogeza kiganja upande wa shavu useme tena, upepo hamna lakini sauti ipo palepale. Maiki nayo iweke hapo. Na feni kama huwezi kuizima ikae mgongoni mwa maiki, ile ya kadioidi, yaani ya kusikia mbele, ni kiziwi zaidi nyuma yake moja kwa moja.

Kuhusu chumba, naona umeniuliza mwishoni kama ubandike trei za mayai. Usibandike. Ni karatasi tu, zinapunguza kidogo sauti za juu, chini hazigusi kabisa, unabaki na chumba kinachovuma kwa ubaya zaidi ya mwanzo. Wimbi la 100 Hz lina urefu wa mita 3.4, kitu chembamba cha sentimita 3 hakiwezi kulizuia. Vitu vinene ndo vinafanya kazi: godoro lililosimamishwa, blanketi zito lililoning'inizwa mbali kidogo na ukuta, kabati la nguo limefunguliwa nyuma yako. Ila mbwa yeye haondoki kwa blanketi. Kumeza mwangwi ni kazi moja na kuzuia kelele za nje ni kazi nyingine kabisa, hiyo ya pili inataka uzito wa ukuta na kuziba upenyo wote, na mara nyingi anaingilia chini ya mlango. Anza hapo, kunja taulo uzibe.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ndo naachiwaga miksa ukumbini kwetu. Kila msemaji akishika maiki spika zinapiga ile "wiiiii", watu wote wananigeukia mimi. Nashusha sauti, wanasema hawasikii, napandisha, wiiiii. Nifanyeje?
*Wa Miksa*

JIBU: Marahaba. Hiyo pole sana, wote tumegeukiwa. Sauti inatoka kwenye spika inaingia kwenye maiki inakuzwa inatoka tena kwenye spika, ikizunguka na kurudi na nguvu ileile au zaidi basi inajilisha yenyewe mpaka inapiga filimbi. Aliyechunguza kitu hiki ni mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen, na mpaka leo nchi nyingi za Ulaya wanakiita kwa jina lake.

Swali la kwanza spika zenu ziko wapi. Kama ziko nyuma ya msemaji au sambamba naye, hakuna ufundi wa miksa utakaokuokoa, zisogezeni mbele yake ziangalie watu, zikae juu ya vichwa kama inawezekana. La pili, mwangalie msemaji anavyoshika. Wengi wanaikumbatia maiki pale kwenye kichwa cha waya, vidole vimezunguka wavu wote, na hapo ndo anaiua. Maiki inakuwa ya kusikia mbele tu kwa sababu ina matundu nyuma ya kiwambo (ile ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti) yanayoingiza sauti kwa kuchelewa kidogo ili ile ya nyuma ijifute. Akiyaziba kwa kiganja imeshakuwa maiki ya kusikia pande zote, pamoja na spika yako. Na mtu akisikia wiii silika yake ni kuifunika kwa mkono, ndo inazidi! Mwambie kabla hajapanda: shika mpini, weka karibu na kidevu, usifunike.

Halafu zima maiki zisizotumika. Kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiwa mara mbili unapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla ya kupiga filimbi, kwa hiyo meza yenye maiki nane zote zimewashwa na anaongea mtu mmoja, umejinyima desibeli 9 bure. Ikwalaiza ni ya mwisho: pandisha taratibu kabla watu hawajaja mpaka ianze kuimba, tafuta ni masafa gani, kata hapohapo tu kwa wembamba, desibeli 3 hadi 6. Usikate sehemu kumi, utabaki na sauti ya simu.

SWALI: Nikirekodi gitaa kwenye laptopu kuna mvumo "mmmmm" chini chini, nikichomoa chaja unaisha. Fundi mmoja kaniambia nikate ule mguu wa tatu wa plagi, wa athi. Kweli?
*Mpiga Gitaa*

JIBU: Usikate! Huyo asikuguse vifaa. Ule mguu upo ili kifaa kikipata hitilafu ndani umeme uende ardhini usipite mwilini mwako, na wewe una nyuzi za chuma mkononi.

Kipimo chako cha kuchomoa chaja ni kizuri sana, umeshampata mwizi. Vifaa viwili vimeunganishwa ardhini kwa njia mbili, mara moja kupitia plagi na mara ya pili kupitia waya wa sauti, umeme kidogo unazunguka humo na unasikika kama 50 Hz au 60 Hz kulingana na umeme wa nchi yako, pamoja na ndugu zake wa juu, 100, 150 na kuendelea. Kama ni mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi basi ni kompyuta yenyewe inachafua. Rekodi kwa betri tu kama wimbo ni mfupi. Kama unataka kumaliza kabisa tumia DI boksi, kile kiboksi kinachokaa kati ya vifaa viwili, iwe yenye transfoma, inapitisha sauti kwa sumaku bila shaba kuunganishwa na shaba, na ina swichi ya kuinua (yaani kukata) ardhi ya upande wa sauti tu, ambayo ni salama. Kutoka kwenye DI kwenda kwenye miksa au kifaa unachorekodia tumia waya wa XLR, ule wa pini tatu. Ndani yake kuna nyaya mbili zinazobeba sauti moja lakini moja imegeuzwa, kelele ikiingia njiani inaingia zote kwa namna moja, mwisho wa safari kifaa kinatoa moja kwenye nyingine na kelele inajifuta. Waya wa gitaa wa kawaida hauna hiyo, kwa hiyo ufanye mfupi.

SWALI: Mp3 zangu nikizigeuza kuwa wav ubora unarudi?

JIBU: Haurudi. Mp3 ilishatupa vitu ambavyo iliona sikio halitaviona, wav yako ni faili kubwa lenye sauti ileile. Tafuta faili la mwanzo. Na ukiigeuza hiyo wav kuwa mp3 tena, umetupa mara ya pili.

SWALI: Kaka, podikasti yangu ikifuatana na ya mtu mwingine yangu iko chini mno. Nikaivuta mpaka juu, mawimbi yamejaa kama tofali, sasa inakoroma na bado watu wanasema iko chini! Wenzetu wanafanyaje?
*Sauti ya Chini*

JIBU: Hapa kuna vitu viwili watu wanavichanganya, kilele cha wimbi na ukubwa wa sauti unaosikika. Kile kipimo chako cha rangi ya kijani na nyekundu kinaonyesha kilele. Kofi moja linaweza kufika juu kabisa na bado rekodi nzima iko chini, kwa sababu sikio halihesabu kofi, linahesabu wastani wa muda. Ndo maana mwaka 2006 shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, likatoa namna ya kupima inayofuata sikio, BS.1770, na kipimo chake kinaitwa LUFS. Watangazaji wa Ulaya wakaichukua mwaka 2010 wakasema vipindi vyote vikae −23 LUFS, kanuni inaitwa R 128, Marekani televisheni wako −24. Chanzo chake ni yale matangazo ya biashara yaliyokuwa yanapiga kelele kuliko filamu yenyewe, watu walikuwa wanaishi na rimoti mkononi.

Podikasti iko juu zaidi ya hapo kwa sababu watu wanasikilizia barabarani na kwenye gari, Apple wanapendekeza karibu −16, Spotify muziki wanausawazisha kwenye −14. Na hapo ndo jibu lako lilipo: ukipeleka tofali, mtandao unaosawazisha unalishusha, unabaki na kukoroma bila ukubwa wowote uliopata. Umeharibu bure.

Kazi yenyewe ianzie kwenye kurekodi. Vilele viwe desibeli −12 hivi kwenye kile kipimo chako, ukiwa na biti 24 una nafasi ya kinadharia ya desibeli 144 kwa hiyo hakuna haja ya kusukumia juu kwa hofu ya kelele, hofu hiyo ni ya enzi za kanda. Kisha pita kwa mkono, na hii hatua wengi wanairuka wakakimbilia plagini (vile viprogramu vya kuongeza ndani ya programu ya kurekodi): pale mgeni alipocheka sana shusha kile kipande, pale alipoongea kwa kunong'ona pandisha, sentensi kwa sentensi. Ni kazi ya kuchosha lakini ndo tofauti kati ya podikasti inayosikilizika na ile ya kupandisha na kushusha volyumu. Baada ya hapo kompresa, ile inayoshusha sauti zinapozidi, ya tatu kwa moja, ikipunguza desibeli 4 mpaka 6 pale mtu anapopaza basi inatosha. Mwisho limita, ukuta ambao vilele havivuki, ikizuia kwenye −1, halafu ndo upime kipindi kizima kwa mita ya LUFS, nyingi zipo za bure. Ikisoma −19 pandisha 3 kabla ya limita, kwisha. Kama limita inafanya kazi muda wote rudi kwenye kompresa, usiilazimishe.

Na besi ya chini ya 80 Hz kata mapema. Husikii kwenye simu lakini inakula nafasi ya vilele vyako vyote.

SWALI: Tumefungua redio ya mtandaoni. Msikilizaji akipiga simu anajisikia mwenyewe kwa kuchelewa, anaanza kugugumia, mwingine anakata kabisa. Tumewaambia wapunguze redio zao lakini bado. Halafu sauti ya simu ni nyembamba.
*Timu ya Asubuhi*

JIBU: Wengine kweli ni redio zao, endeleeni kuwaambia, na mpokea simu awaambie kabla hawajapanda hewani si baada. Lakini kama ni kila mtu basi ni nyinyi. Mnampelekea mpigaji mchanganyiko wote wa studio, na ndani ya huo mchanganyiko yeye yupo. Sauti yake inatoka kwake inakuja kwenu inarudi kwake imechelewa, na kuchelewa kwa karibu sekunde 0.2 ndo kubaya zaidi, ulimi unashindwa kujiendesha, hata mtangazaji mzoefu ukimfanyia hivyo atagugumia. Si woga wa mpigaji, msimcheke.

Anatakiwa apate kila kitu kasoro yeye mwenyewe, miksi-minasi. Kwenye miksa ya kawaida chukueni njia ya aux (njia ya pembeni ya kutoa sauti), ile ya kabla ya feda (kitelezi cha sauti), fungueni humo maiki za watangazaji na muziki, na aux ya chaneli ya simu iwe sifuri kabisa, kisha aux hiyo ndo iende kwenye simu. Wapigaji wakiwa wawili kila mmoja anahitaji aux yake, la sivyo hawatasikiana, au watajisikia. Ijaribuni kabla ya kipindi, mtu aende nje apige, aongee, akae kimya asikilize.

Mlisema pia sauti ya simu ni nyembamba. Simu ya kawaida ya zamani inapitisha 300 hadi 3400 Hz tu, kilichokatwa hakipo, mkipandisha besi mnapandisha mvumo. Zile simu za HD na za kupitia intaneti zinafika 7000 Hz na zaidi, kama mgeni ni wa kupangwa mpigieni kwa hiyo.

SWALI: Kwa nini nikiwa mbali na mji redio ya FM inakuwa na "shhhh" nyingi, nikibonyeza mono inasafika palepale? Nilidhani stirio ndo bora.
*Dereva*

JIBU: Ni bora ukiwa na mawimbi ya kutosha. Stirio ya FM, Marekani waliiidhinisha mwaka 1961, ilibidi itengenezwe kwa namna ambayo redio za mono za zamani zisife. Kwa hiyo kulia na kushoto vinajumlishwa vinapelekwa chini, mpaka 15 kHz, hiyo peke yake ni mono kamili. Halafu tofauti ya kulia na kushoto inapandishwa juu kuzunguka 38 kHz, na katikati kuna mlio mdogo wa 19 kHz wa kuiambia redio kwamba stirio ipo, ile taa inawaka kwa sababu hiyo. Shida ni kwamba kelele ya FM inaongezeka kadiri masafa ya sauti yanavyopanda, kwa hiyo ile tofauti iliyokaa juu inaogelea kwenye kelele kuliko jumla iliyoko chini. Stirio inaanza na adhabu ya zaidi ya desibeli 20. Mjini hauioni, mbali unaiona. Ukibonyeza mono redio inaacha kusoma huko juu, shhh inaondoka nayo. Redio nyingi za gari zinafanya hivyo zenyewe kidogokidogo bila kukuambia, ndo maana muziki unaonekana kama unahamia katikati ukiwa safarini.

SWALI: Tangazo letu studio linasikika zuri, pana kabisa, lakini kwenye simu yenye spika moja muziki upo na mtangazaji hayupo! Tumerudia kulipeleka, hali ileile.
*Studio Ndogo*

JIBU: Msirudie kulipeleka, lina ugonjwa ndani. Sauti ya mtangazaji imekaa kulia na kushoto lakini upande mmoja umegeuzwa, wimbi likipanda huku lile linashuka. Kwenye spika mbili masikio yanasikia kitu kipana cha ajabu, mkasema "duh, safi", zikijumlishwa kuwa moja zinafutana, mtangazaji anabaki sifuri. Msikilizaji wa simu, wa spika ya ukutani, na yule dereva hapo juu aliyebonyeza mono, wote hawampati.

Angalieni mambo mawili. Waya: maiki ilichomekwa kwenye tundu la kuingizia sauti la stirio kupitia waya wa XLR kwenda plagi ndogo ya milimita 3.5? Zile nyaya mbili zilizogeuzana zinaingia moja kushoto moja kulia, inatokea mara nyingi sana kwenye kamera na rekoda ndogo. Au plagini ya "kutanua" iliwekwa juu ya sauti ya mtu, itoeni. Faili lililopo linatibika bila kurekodi upya kama mnayo sauti ya mtangazaji peke yake: tupeni upande mmoja, ule uliobaki uwekeni katikati. Kama mmebaki na mchanganyiko tu muziki ukiwa ndani, mwiteni mtangazaji arudi.